Selimundu: upime kabla ya ndoa, ukiwa mjamzito, au mtoto akishazaliwa?

Mdogo wangu alinipigia simu jioni moja, sauti imejaa furaha. "Dada, tumeshapima. Magrupu yetu yanaendana, yeye O na mimi O." Nikamuuliza, na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, je? Kimya. Alidhani ni kipimo kilekile.

Si yeye peke yake. Wachumba wengi hutoka maabara na karatasi yenye herufi ya grupu la damu na alama ya kujumlisha, wakarudi nyumbani wakiamini wamemaliza. Grupu la damu (A, B, AB, O) na herufi za selimundu (AA, AS, SS) ni mambo mawili tofauti kabisa. Mtu wa O anaweza kuwa AA, AS au SS, na karatasi ya grupu haitakuambia ni ipi. Kwetu hili si jambo la kusoma tu: shangazi yetu alimzika mtoto wa miaka minne, na siku zile ndipo ukoo ulipojua kwamba damu yetu inabeba S.

Mdogo wangu alitaka nimjibu kwa neno moja: tupime sasa, au tusubiri? Sikuweza. Nyakati za kupima ni tatu, na kila moja ina pale inapofaa. Nimeziweka hapa bega kwa bega kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyekwama mahali hapo.

Damu yenyewe inavyokwenda

Kila mtu hupokea vinasaba viwili vya hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), kimoja cha baba na kimoja cha mama. A ni kinasaba cha kawaida, S ni kile cha selimundu. Mwenye AA hana S. Mwenye AS ana S moja. Kwa kawaida ni mzima wa afya, analima, anacheza mpira, na anaweza kuzeeka bila kujua. Mwenye SS ndiye mgonjwa: oksijeni ikipungua, seli zake nyekundu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na huvunjika mapema. Hicho ndicho chanzo cha maumivu makali ya mifupa, macho ya manjano na upungufu wa damu.

Wazazi wawili wenye AS, kwa kila mimba, wana asilimia 25 ya kupata mtoto wa SS, asilimia 50 ya AS na asilimia 25 ya AA. Tafadhali shika hilo neno "kila mimba". Kupata mtoto mmoja wa SS hakuwapi kinga watatu wanaofuata. Hesabu huanza upya kila mara.

Kwa nini S imejaa kwetu? Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu sehemu mbalimbali za nchi hiyo akaona kitu cha ajabu: S ilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ilikuwa adimu nyanda za juu. Ramani ya S ilifuata ramani ya mbu. Mwaka 1954 alitoa ushahidi kwamba S moja humkinga mtu na malaria. Miaka mingi baadaye watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walipima kinga hiyo: watoto wa AS walipungukiwa na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Lakini mtoto wa SS hafaidiki hivyo. Yeye malaria ikimpata humwangusha upesi kuliko mwingine yeyote.

Kwa hiyo mazingira ndiyo yaliyoilea S katika damu zetu, na mazingira hayohayo ndiyo yanayoamua mtoto wa SS ataishi vipi. Pasipo huduma, nusu ya watoto hawa au zaidi hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Wakipata penisilini mapema, chandarua, chanjo, maji ya kutosha na mtu anayejua dalili za hatari, wengi wanakua, wanasoma, wanaoa na kuolewa. Vinasaba havijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni yale yanayomzunguka, na hayo hayawezi kubadilika kama hakuna anayejua.

Mambo manne ya kulinganishia

Nimezipima nyakati zote tatu kwa maswali haya: majibu yanakuachia nafasi ya kufanya nini, yanaaminika kiasi gani, yanapatikana wapi na kwa gharama gani, na yanaweka mzigo gani moyoni na nyumbani. Lenye uzito kwangu kuliko yote ni la kwanza. Kipimo kisichokupa la kufanya hubaki karatasi tu kabatini.

Nafasi inayobaki mkononi

Kabla ya ndoa au kabla ya mimba, mlango uko wazi kuliko wakati mwingine wowote. Mmoja wenu akiwa AA, hakuna mtoto wenu atakayekuwa SS, mnalala usingizi. Mkiwa wote AS, bado mnaweza kuachana kwa heshima, kuoana mkijua, kupunguza idadi ya watoto, kulea mtoto wa kuasili, au kuoana na kukubaliana kwamba kila mtoto atapimwa akizaliwa. Upo pia utaratibu wa kutunga mimba maabara na kuchagua kiinitete kisicho na SS, ila ni wa gharama kubwa na wachache wanaufikia. Saudi Arabia imewalazimisha wachumba kupima tangu 2004, lakini majibu hayamzuii mtu kuoa. Wanaambiwa, kisha wanaamua wenyewe. Naona hapo wamepatia. Upungufu wa wakati huu ni kwamba unapewa uwezekano tu. Hauwezi kukuambia habari za mtoto ambaye hajatungwa.

Wakati wa ujauzito kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kumpima mama, na baba ikibidi. Mama akiwa AA, habari ya SS imeisha pale pale. Akiwa AS, baba aitwe. La pili ni kuipima mimba yenyewe: kuchukua kipande kidogo cha kondo la nyuma kati ya wiki ya 11 na ya 14, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Hapo unapata jibu la mtoto huyu, si uwezekano. Lakini kuna hatari ndogo ya mimba kutoka, na kwa Tanzania sheria hairuhusu kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Kwa hiyo kwa familia nyingi za kwetu, faida ya kupima wakati huu ni maandalizi: kuchagua hospitali ya kujifungulia, kujua kliniki ya selimundu ilipo, kuweka akiba. Kuna faida nyingine ambayo haitajwi sana. Mama mwenyewe anaweza kugundulika kuwa ana ugonjwa ambao hakuujua, na mimba ya mama mwenye SS inahitaji uangalizi wa karibu sana.

Mtoto akishazaliwa, kwa habari ya kuzuia umechelewa. Kwa habari ya kuokoa umewahi, tena umewahi sana. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kumpa mtoto wa SS penisilini mara mbili kwa siku kulipunguza maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84. Dawa ya bei ndogo, ya kumeza, inayoanzwa kabla mtoto hajafikisha miezi mitatu na kuendelea mpaka miaka mitano. Mtoto akikua kidogo ipo haidroksiyurea. Utafiti uliotolewa 2019, uliofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, kuongezewa damu, hata malaria na vifo.

Kuna jambo jingine nililiona kwa macho yangu kliniki nilipomsindikiza ndugu yangu. Muuguzi alimlaza mtoto chali, akachukua vidole vya mama yake akaviweka chini ya mbavu za kushoto. "Bonyeza polepole, mama. Unaisikia? Hiyo ndiyo bandama. Ujue ilipo leo. Siku ukiikuta imeshuka chini zaidi, ngumu, na mtoto amepauka, usingoje kukuche." Bandama ya mtoto wa SS inaweza kunyonya damu ghafla na kumuua ndani ya saa chache. Mama yule alirudi kijijini na ujuzi ulio kwenye ncha za vidole vyake. Asingeupata kama mtoto asingepimwa.

Majibu yanaaminika kiasi gani

Hapa ndipo nimewahi kuumizwa, nami nitakaa kidogo.

Kipimo cha bei nafuu, ambacho wengi hukiita siklingi, huchukua tone la damu, huondoa oksijeni, kisha mtu wa maabara hutazama kwa darubini kama seli zimejikunja. Kikisema chanya maana yake ni kwamba S ipo. Hakisemi kama ni moja au mbili. Nimekutana na watu wazima walioishi na hofu miaka mingi wakidhani ni wagonjwa, kumbe ni AS. Kujua kwa hakika kunahitaji elektroforesisi ya hemoglobini (kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme), mashine ya HPLC inayozitenganisha kwa njia nyingine, au vikadi vya haraka vinavyosoma A, S na C (aina nyingine ya hemoglobini) kwa mistari kutoka tone moja la kidoleni.

Kwa kichanga, siklingi haifai kabisa. Mtoto huzaliwa na hemoglobini ya kichanga kwa wingi, na hiyo huificha S. Mpwa wangu alipimwa hivyo akiwa na wiki tatu, katika kituo ambacho sitakitaja. Karatasi ikasema hasi, tukashangilia, tukaiweka kwenye bahasha pamoja na kadi ya kliniki. Alipofika miezi minane aliamka analia, vidole vya mikono yote miwili vimevimba, vinang'aa, haviguswi. Bibi yake akasema ni baridi, jirani akasema ameng'atwa na mdudu. Ilikuwa SS. Miezi yote ile ya penisilini ilipita bure kwa sababu ya karatasi ya kipimo kisichofaa kwa umri wake. Kwa kichanga, daima omba elektroforesisi, HPLC au kikadi.

Kwa wachumba na wajawazito, mtego ni mwingine. Selimundu haitokani na SS pekee. Mwenye AS akizaa na mwenye kinasaba cha thalasemia ya beta, au cha hemoglobini D ya Punjab (kasoro nyingine za kurithi za hemoglobini), mtoto anaweza kuugua selimundu ingawa mzazi mmoja alionekana "hasi" kwenye siklingi. Familia za Zanzibar, Mombasa, Muscat na kwingineko zenye damu ya Uarabuni au ya India zilitilie hili maanani. Watu hawa wapimwe kwa mashine, pamoja na hesabu kamili ya damu.

Na kama aliyepimwa ameongezewa damu ndani ya miezi mitatu au minne, majibu yatachanganya damu yake na ya aliyemchangia. Mwambie mtu wa maabara kabla hajachukua sampuli.

Gharama na umbali

Nitapita haraka, kwa kuwa bei hubadilika kila mahali. Siklingi ipo karibu kila maabara. Elektroforesisi na HPLC hupatikana zaidi kwenye hospitali za rufaa, kama Muhimbili, Bugando na KCMC. Kwa wachumba kuna kuokoa pesa: mmoja apime kwanza kwa kipimo kizuri. Akiwa AA na hana tatizo jingine la hemoglobini, mwenzake hana ulazima wa kupima kwa ajili ya watoto. Mjamzito ana nafuu yake, kwa sababu damu tayari inachukuliwa kliniki. Anachohitaji ni kuomba kipimo kiongezwe. Kwa watoto, Uganda ilionyesha njia nzuri: ilitumia matone ya damu yaliyokwisha kukusanywa kwa ajili ya kupima VVU, ikapima karibu watoto laki moja, na kuona asilimia 13.3 wana AS na asilimia 0.7 wana ugonjwa.

Kuipima mimba yenyewe ndiyo ghali na ngumu kuipata kuliko zote.

Mzigo wa moyo na wa nyumbani

Kabla ya ndoa, kipimo kinaweza kuvunja uchumba. Hilo ni la kweli, na anayesema "pimeni tu" bila kulikubali hajawahi kukaa na binti aliyerudishiwa barua ya posa. Ndiyo maana naona muda mzuri ni kabla wazee hawajakaa, kabla mahari haijatajwa, wakati jambo bado ni la watu wawili. Likishafika kwa ukoo, mwenye AS huanza kuitwa mgonjwa, na si mgonjwa.

Wakati wa ujauzito mzigo humwelemea mama peke yake. Yeye ndiye aliyeko kliniki, yeye ndiye apewaye majibu, na yeye ndiye wa kurudi nyumbani kumwambia mume akapime. Wanaume wengine hukataa. Akikataa, mama asibaki amefungwa: mtoto atapimwa akizaliwa, na jibu lake halihitaji ruhusa ya damu ya baba.

Mtoto akizaliwa, habari huja mama akiwa bado ndani ya arobaini, amechoka, maziwa yanauma. Hapo ndipo mawifi husema, "Kwetu ugonjwa huo haupo." Mtoto wa SS amepokea S kutoka pande zote mbili. Na ikitokea baba anaambiwa ni AA, kabla mtu hajamtilia mkewe shaka, kipimo kirudiwe kwa mashine. Makosa ya maabara yapo, na ile thalasemia niliyoitaja ipo. Nimeona ndoa ikitikiswa na karatasi ya siklingi iliyokuwa na kosa.

Ukiwa hapa, fanya hivi

Mnachumbiana na hamjajua herufi zenu: kupima sasa kunawafaa zaidi kama majibu yanaweza kubadilisha uamuzi wenu, iwe ni kuoana au ni idadi ya watoto. Kama mmekwisha kuamua kuoana kwa vyovyote, pimeni bado ikiwa mnataka kujiandaa. Mkiona kujua kutawavuruga bure, mnaweza kuliacha, mkiahidiana kwamba kila mtoto atapimwa mapema.

Mmeoana, wote AS, mnataka mtoto: kaeni na daktari kabla ya mimba, mzungumze juu ya kuipima mimba na kama mngefanya lolote na jibu hilo. Wasiotaka kuigusa mimba hawajakosea. Wapange kipimo cha mtoto kabla ya kujifungua, wajue siku na mahali.

Una mimba na hujui herufi yako: omba kipimo mahudhurio yajayo, hata kama umebakiza mwezi mmoja. Ukiwa na ugonjwa mwenyewe, usijifungulie kituo kidogo.

Mtoto amezaliwa na ukoo una S, au hamjui kabisa: mpimeni katika wiki nane za kwanza kwa kipimo kinachofaa kichanga. Kama mmezaa Uingereza au Marekani, damu ya kisigino iliyochukuliwa siku za mwanzo imekwisha kupimwa selimundu. Ombeni jibu lililoandikwa, maana "hawakupiga simu" si jibu.

Mtoto ni mkubwa, anaumwa mifupa, macho yana umanjano, ameongezewa damu zaidi ya mara moja: nyakati zote tatu zimewapita, nanyi hamna cha kujilaumu. Nendeni wiki hii. Penisilini, haidroksiyurea na kliniki vinamngoja, na kwa wachache wenye ndugu anayelingana naye, upandikizaji wa uloto umeanza kufanyika Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Mdogo wangu na mchumba wake wanakwenda Jumatatu. Hawajamwambia mtu mwingine zaidi yangu. Nimemwambia waombe elektroforesisi, siyo siklingi, na kila mmoja aipige picha karatasi yake kwa simu, maana karatasi za maabara nyumbani kwetu zina tabia ya kupotea siku zinapohitajika.